Mpaka Uliojiotea

Nimerudi Gatitu wiki hii, mvua ikiwa imeshika, na kuna kitu nimekiona kwenye kokoto ambacho hutakielewa nisipokueleza kwanza kuhusu itoka.

Itoka ni ua jeupe, lenye majani mapana na kitunguu kinene ardhini. Kwetu Nyeri lilipandwa mpakani, watu wa pande zote mbili wakiwa wamesimama hapo, na kuling'oa kulikuwa kujitafutia laana. Hata sisi watoto tulilikwepa tulipocheza.

Nyanya yangu, Cucu tulivyomwita, ndiye aliyenilea. Jirani yetu alikuwa mjane mzee mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Siku hizo alishaanza kusahau. Alikuwa akituletea maziwa mara mbili asubuhi moja, nasi tukinywa bila kumkumbusha! Nakumbuka harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka, moshi wa kuni mbichi, na jembe la Cucu alfajiri. Kila mvua ilipoanza, alikuwa na safu moja ya maharagwe aliyoipalilia peke yake. Kazi nyingine zote alitusukumia bila huruma.

Nikiwa sekondari, mwalimu wa fasihi alitupa riwaya ya zamani. "Msisome watu tu," alizoea kusema, "someni na mimea." Humo, mtu aliyemdhulumu ndugu yake alifyeka magugu mlangoni pake, nayo yakarudi kila sura. Jioni nilimsimulia Cucu jikoni, nikijiona msomi kweli kweli.

Akaacha kuchambua mboga. "Ati yanarudi?"

"Yanarudi, Cucu. Mwalimu anasema hiyo ndiyo hatia yake."

"Na alienda kwa ndugu yake?"

"Hapana. Alikufa bila kusema."

"Hiyo kitabu ni mbaya," akasema, akasukuma kuni motoni ingawa chakula kilikuwa kimeiva.

Asubuhi alinipeleka kwenye safu yake. Katikati ya maharagwe, kwa mstari ulionyooka, yalikuwa yamechipuka majani mapana. Ukihamisha itoka, vipande vya kitunguu hubaki. Akaniambia kwamba mwaka ule mume wa jirani alipozikwa, alisogeza mpaka ndani ya shamba la mjane, na tangu hapo kila mvua ilikuwa ikimwonyesha pale ulipokuwa. Nilimpenda sana Cucu, na nilimwogopa siku hiyo.

Alifunga kitambaa chake cha kanisani, tukaenda kwa jirani. Alisema yote akiwa amesimama. Mjane alimsikiliza kwa upole, kisha akamshika kiganja.

"Shamba gani, mama? Kaa kwanza, unywe chai. Wewe ni wa kwa nani?"

Cucu alilia njia nzima. Aliyarudisha maua ya itoka mahali pake siku iyo hiyo, lakini alipanda peke yake. Mpaka unataka watu wawili, na upande wa pili hapakuwa na mtu wa kukumbuka. Hakupalilia tena pale hadi alipofariki.

Wote wawili wametuacha. Mashamba yaliuzwa pamoja, kahawa ikang'olewa, na sasa ni nyumba za kupangisha. Hakuna harufu ya githeri, wala kicheko. Jana, uani, nilimkuta mlinzi ameinama na panga penye kokoto za kuegeshea magari.

"Hii majani tunatoa kila mvua na inarudi tu," akaniambia. "Kwani ni ya nani?"

Nilitazama ule mstari, umenyooka vile vile.