Mwaka Tuliomwogesha Mbwa Dawa ya Ng'ombe

Sisi tuliokulia Buruburu nyumba zikiwa bado na ua wa nyuma, kabla kila ua haujajengwa chumba cha kupangisha, tunajua kwamba mtu aliweza kuwa karani wa reli na bado akafuga kuku kumi na mbwa mmoja. Baba alikuwa hivyo. Asubuhi alifunga tai, jioni aliokota mayai. Sisi watoto tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na blada, ya kuruka kamba ya mpira, mpaka magoti yakawa na rangi ya vumbi, tukala mabuyu yaliyotuachia ndimi nyekundu.

Kuku walituletea utitiri, na huo ulikuwa mzigo wa nyanya, mama yake Baba, ambaye tulimwita Kukhu kama wanavyosema kwetu Magharibi. Kukhu alifagia banda, akamwaga jivu sakafuni na kuweka majani makavu ya tumbaku kwenye viota. Utitiri ulipungua kweli. Akichelewa wiki moja tu, aliyetumwa mayai alirudi na wadudu shingoni, na kesho yake darasa zima lilijikuna.

Kupe walikuwa jambo lingine. Mbwa wetu, Tomi, alipotea siku mbili. Akarudi kutoka kando ya mto, wachungaji walikokuwa wakilishia ng'ombe, masikio yamejaa kupe walionona kama mbegu za mbarika. Kukhu alichemsha majani ya mwarobaini, akamwogesha kila jioni kwa wiki mbili. Kupe hawakujali. Tomi akaacha kula, na ukimfunua mdomo fizi zilikuwa nyeupe. Siku Mama alipomkuta kupe amejishikiza nyuma ya sikio la mdogo wangu Nekesa, Baba alisema majani yametosha.

Jumamosi ile alirudi na chupa ndogo yenye picha ya ng'ombe. Mama alimuuliza kama amesoma maagizo. Baba akajibu, "Ng'ombe ni mkubwa, lakini kupe ni yuleyule."

Kwa maagizo, kifuniko kimoja cha dawa kilikuwa cha ndoo nzima ya maji. Yeye alitia vitatu kwenye karai. Maji yaligeuka meupe kama maziwa na harufu ikatufukuza hadi jikoni. Alimsugua Tomi kwa mikono mitupu, na haikupita saa moja kupe wakaanza kudondoka sakafuni. Baba akamwita Kukhu aje aone. Kukhu alikuja, lakini hakuwatazama kupe. Alimtazama mbwa.

Tomi alikuwa amejilamba. Alipiga hatua mbili, miguu ya nyuma ikapishana, akalala kwenye kizingiti akitokwa na mate, macho wazi.

Mama alinituma mbio kwa Mzee Abdi, jirani wa nyumba ya tatu, aliyefanya biashara ya ng'ombe na mbuzi miaka mingi kabla ya kufungua duka la jumla. Kwa dini yake hakuwa akigusa mbwa, lakini alikuja bila kumaliza chai. Alisimama langoni, akaomba chupa, akaisoma yote.

"Nani alipima?"

"Mimi," Baba akasema.

"Basi mwoshe tena. Sabuni ya kipande na maji mengi, mpaka harufu iishe. Lakini anza na mikono yako."

Wiki ile mifereji ilikuwa mikavu. Maji yote ya nyumba yalikuwa kwenye mapipa mawili, na Mama aliyafunua yote mawili. Tulimwosha Tomi mara tano. Nekesa alishika kichwa, mimi nilimimina, Baba alipiga magoti kwenye saruji na suruali yake ya kanisani. Mzee Abdi hakuondoka langoni. Kisha tukakaa tu, alasiri nzima, tukihesabu pumzi za mbwa.

Jua lilipofika ukutani kwa jirani, Tomi aliinua kichwa akanywa maji. Baba akamwambia Kukhu, "Mama, ilifaa nisome kwanza."

"Na mimi ilifaa nikubali mapema kwamba majani yangu yameshindwa," Kukhu akasema.

Sikuwahi kusikia mmoja wao akisema kitu kama hicho, kabla ya siku ile wala baadaye. Tangu hapo jivu lilibaki bandani, na ile dawa ikapimwa kwa kifuniko, Baba akiwa amevaa glavu za mpira na kusoma maagizo kwa sauti kama anayesoma somo kanisani. Tomi aliishi miaka mingine saba.

Mwanangu naye anafuga mbwa, kwenye ghorofa huko Donholm. Mbwa huyo analala kwenye kochi na ana shampuu yake mwenyewe, ghali kuliko yangu. Dhidi ya kupe anapewa kidonge chenye ladha ya nyama, mara moja kila miezi mitatu, na mwanangu anarudi kwenye simu kabla mbwa hajamaliza kutafuna. Ni dawa nzuri, na sitamani mtu arudi kwenye karai letu. Juzi mbwa huyo alitapika, mwanangu akaiuliza simu, ikamjibu vizuri na upesi. Nilimuuliza nani anakaa mlango wa jirani. Akasema majina hayajui, ila huwa anawasikia wakifunga geti.