Kobe wa Wilfred Ogden

Nyumba yetu na ya Wilfred Ogden kule Halifax, Uingereza, zilishikana ukuta, kwa hiyo mengi tuliyasikia bila kuuliza. Wilfred alikuwa fundi wa mabasi aliyestaafu. Mkewe Elsie alipofariki alimwachia kobe aitwaye Percy, na dada yake Wilfred, Muriel, akauza kijumba chake akaja kumpikia kaka yake. Hakuambiwa asante. Asubuhi Wilfred aliongea na kobe, kisha akafungua gazeti.

"Hata mbwa huulizwa ameamkaje," Muriel alimwambia mke wangu. "Mimi nipo nipo tu, kama birika."

Majani yalipoanza kupukutika, Wilfred alimwachisha Percy kula kwa majuma kadhaa, maana kobe wa aina yake hulala miezi yote ya baridi, na chakula kikibaki tumboni huoza. Alimwogesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili anywe, akampima kwenye mizani ya jikoni, akamlaza ndani ya boksi lililojaa vipande vya magazeti. Boksi hilo aliliingiza ndani ya jingine kubwa, akashindilia nyasi kavu katikati na kutoboa matundu ya hewa. Kisha aliliweka stoo, upande wa nyumba usiopata jua.

Mwaka ule aliitwa hospitali kupasuliwa ngiri, na kidonda kikamweka huko muda mrefu. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Muriel kila kitu.

"Akipata joto ataamka kabla ya wakati, na njaa itammaliza. Akipigwa na barafu, macho yatakufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Wilf. Mimi si mtoto."

"Basi usimguse."

Hakumwambia kitu kingine. Hakumuuliza kama makaa yangetosha, wala nani angemsaidia kuondoa theluji mlangoni. Alipotoka tu, Muriel alilibeba boksi akalipeleka kwenye kibanda cha bustani, ambacho kuta zake ni mbao tupu. Mke wangu alimwona kupitia dirishani, akamuuliza.

"Stoo nataka kuweka viazi," Muriel alisema.

Baridi ya mwaka ule ilipasua mabomba mtaa mzima. Kila Muriel alipokwenda hospitali kumwona mgonjwa, swali lilikuwa moja: Percy anaendeleaje?

"Amelala," Muriel alijibu.

Wilfred alirudi nyumbani theluji ikiyeyuka. Boksi alilikuta stoo, mahali pake. Percy alikuwa hai, lakini alipotoa kichwa macho yalikuwa meupe kama maziwa. Alitembea mpaka ukutani, akaendelea kusukuma.

Mke wangu aliulizwa, naye hakuweza kusema uongo.

Tulitegemea kelele. Hatukusikia hata neno. Kuanzia siku hiyo Wilfred hakumsemesha dada yake tena. Percy naye hakulazwa tena wakati wa baridi; Wilfred alimweka karibu na jiko akamlisha kwa mkono, akimgusisha saladi mdomoni mpaka afumbue, na kama alikuwa na la kusema alilipitisha kwa kobe.

"Percy, mwambie huyo bibi chumvi imezidi."

"Percy, muulize huyo bibi amezima jiko au anataka kutuchoma."

Mwanzoni Muriel alicheka. Baadaye akawa anajibu kwa hasira, halafu akaacha kujibu. Miaka ikapita hivyo. Krismasi moja tulialikwa kula bata mzinga kwao, na katikati ya chakula Muriel aliweka uma chini.

"Wilf, nilikosa. Nilikuwa na wivu na mnyama, aibu iliyoje. Nitukane basi, nipige ukitaka, lakini sema na mimi."

Wilfred alimpangusa Percy mdomo kwa kitambaa. "Percy," alisema polepole, "mwambie huyo bibi mchuzi unapoa."

Mke wangu alitoka nje kulia. Mimi nilibaki nikitazama sahani yangu.

Majira ya kuchipua Muriel aliondoka na sanduku moja, akapanga chumba Morecambe, mji wa pwani. Wilfred alimfungulia mlango, akaushikilia mpaka alipopita, kisha akaufunga.

Muriel alifia huko huko, kwenye chumba cha kupanga. Tuliokwenda kumzika tulikuwa watu wanne na kasisi. Asubuhi ya mazishi nilimgongea Wilfred nikamwambia gari lina nafasi. Alikuwa amevaa suti yake nyeusi, viatu vimeng'arishwa, na kipande cha nyanya mkononi.

"Siwezi," alisema. "Haoni. Nani atamlisha?"