Nyumba Iliyoitwa ya Twalib

Perez alikuwa mama mwenye nyumba wangu kwa miaka minane huko Umoja, na katika miaka hiyo tuligombania maji kuliko kitu kingine chochote. Mimi ni Mwislamu, natawadha. Yeye alikuwa akilipa bili. Kila nilipoinama kwenye bomba la uani nilijua amesimama nyuma yangu, na jioni moja akaniuliza, "Twalib, hiyo maji yote ni ya miguu tu?" Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu alinipa kopo tupu la mafuta ya kupikia, akasema kila sala kopo moja, na Ijumaa niongeze la pili. Nilipojaribu niliona linatosha na kubaki, lakini sikumwambia.

Nilihamia kwake mwezi wa Mei mwaka 1980. Nilikuwa karani katika kiwanda cha rangi Industrial Area, na nilikuwa nimechoka kulala kwa shangazi yangu Salme kule Pumwani, nyumba ya watu kumi na mmoja na choo kimoja. Perez alinipangisha sebule yake. Ndiyo, sebule, yenye mlango wa mbele. Chumba kikubwa alikuwa amempa Muturi, mlinzi wa ghala, mtu wa kulala mchana na kwenda kazini jioni. Wenyewe, yaani Perez, mumewe Ochola na watoto wao watatu, walikuwa wamebaki na chumba kidogo cha kando na jiko. Aoko, binti yao kifungua mimba wa miaka kumi na mmoja, alilala jikoni na mdogo wake wa kike juu ya godoro lililokunjwa kila alfajiri kabla ya moto kuwashwa.

Mwanzo nilidhani ni ubahili tu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na mpangaji wa sebuleni husikia mengi bila kutaka. Haukupita mwezi nikawa nimeyajua yote.

Ochola alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu mpole, mrefu, asiyejua kusema hapana. Nyumba ile walikuwa wameipata miaka miwili nyuma kwa mpango wa kulipa kila mwezi mpaka iwe yao, shilingi mia tatu na hamsini kwa miaka ishirini. Kwa furaha ya kuwa na nyumba, Ochola akachukua makochi na redio kubwa kwa mkopo. Kisha rafiki yake wa kazini, Makokha, akamwomba amdhamini kwenye chama cha ushirika, naye akatia sahihi pale pale, kalamu ya kuazima. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hawakusema kwamba harusi inaweza kuwa ya mwingine na matanga yakawa yako. Makokha aliacha kazi, akasikika yuko upande wa pili wa mpaka wa Busia, na mshahara wa Ochola ukaanza kukatwa shilingi mia nne na ishirini kila mwezi. Alimficha mkewe. Ili pesa za chakula zisipungue akajulikana, aliacha kulipia nyumba.

Miezi saba ilipita hivyo. Perez aliyajua siku barua ilipokuja kutoka ofisi ya nyumba. Ilikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza hakusoma, kwa hiyo Aoko ndiye aliyemsomea mamake kwamba nyumba yao itapewa mtu mwingine.

Mwanamke mwingine angerudi kwao. Perez alimfunga mtoto mgongoni akaenda ofisini mwenyewe, akakaa kwenye benchi siku mbili, na akarudi na makubaliano: kuanzia Mei mpaka Novemba watalipa kila mwezi mara mbili, mwezi wa sasa na mwezi mmoja wa yale malimbikizo. Shilingi mia saba. Wakikosa hata mara moja, wafungashe. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo makochi na redio vilirudi dukani juu ya mkokoteni, majirani wakitazama, na Jumapili Perez akaanza kutafuta wapangaji.

Ninakiri nilimwonea uchungu kwa siku moja, kisha nikaendelea kumkasirikia, maana kuishi na mtu anayelipa deni ni kulilipa pamoja naye. Chai ya nyumba ile ilikuwa na sukari Jumapili tu. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi. Makaa yaliyobaki baada ya ugali yalizimwa kwa majivu yakangoja asubuhi. Nyama sikuinusa. Ilikuwa dagaa wa omena na sukuma wiki, kesho sukuma wiki na omena. Perez mwenyewe alikuwa akiuza uji kwenye lango la kiwanda jirani na chetu, na mimi, mpangaji wake, sikuwahi kuongezwa hata tone. Ochola alitembea kwa miguu kutoka Umoja, akaifuata Jogoo Road mpaka karakanani, akarudi kwa miguu. Kila mwisho wa mwezi aliileta bahasha ya mshahara haijafunguliwa akaiweka mbele ya mkewe, na Perez aliifungua bila kumsimanga. Hilo nilimpendea. Mimi ningemsimanga kila siku.

Mei ikalipwa, Juni ikalipwa, na kadhalika mpaka Oktoba. Ikabaki Novemba peke yake. Ndipo ikaja habari kutoka Ugenya, kwao Perez, kwamba mama yake mzazi, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, amepata nafasi ya kupasuliwa Nairobi. Atakaa mwezi mzima, kabla na baada.

Kwa Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Si adabu tu, ni mwiko, na Ochola aliyeshindwa kumkatalia Makokha hakuwa mtu wa kuvunja mwiko. Jamaa pekee wa ukoo wa yule mama aliyekuwa Nairobi alikuwa amehamia Kisumu. Ochola akasema atampangishia mama chumba mahali pengine. Perez akamuuliza kwa pesa gani. Ochola akasema kuna mtu Makadara anakopesha, shilingi tano juu ya kila ishirini, na niliposikia hivyo kule sebuleni nilikaa wima kitandani. Kisha nikamsikia Perez akitaja jina langu.

Fikira yake ilikuwa hii. Sebule inalipiwa na Twalib, basi ni ya Twalib. Mama akilala humo amelala kwa Twalib, si kwa Ochola. Mimi nirudi kwa shangazi yangu mwezi mmoja.

Nilisema sawa, maana mgonjwa hakataliwi, na nikaongeza kwamba bila shaka mwezi huo sitalipa kodi. Perez akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeacha bomba wazi. Nisipolipa, akasema, chumba kinarudi kuwa cha Ochola, na mama atakuwa amelala kwa mkwewe. Tena bila ile mia mbili yangu Novemba haitimii. Kwa hiyo nihame, nilale kwa watu kumi na mmoja, na nilipe. Nilitoka nje nikatembea mpaka barabarani na kurudi ili nisimtukane mama wa watu.

Aliyenigeuza ni Ochola. Alinifuata uani, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, mtu aliyeweza kuwa babangu mdogo. Alisema, "Nikikopa tena, yeye ataenda kwao na watoto, na atakuwa na haki." Nilimjibu kwamba nitalipa, na nilimjibu kwa ukali ili asinishukuru.

Tulidhani mambo yamekwisha, kumbe Muturi alikuwa ameamka. Alitoka chumbani na mswaki mdomoni akauliza, "Sawa, chumba ni ya Twalib. Na paa ni ya nani?" Ochola akakosa usingizi kwa swali hilo. Mwisho akamwomba Perez mama aambiwe kwamba nyumba yote ni ya Twalib, Mwislamu wa Pumwani, na kwamba wao ni wapangaji wa nyuma. Nilimwona Perez akilisikia ombi hilo. Alikuwa anachambua omena, na mikono yake ilisimama. Miezi sita alikuwa amelala kwenye chumba cha kuweka magunia ili aweze kusema hii ni nyumba yangu, na mtu wa kwanza ambaye angependa kumwambia ni mamake. Alisema, "Sawa," akaendelea kuchambua.

Nyanya wa watoto alifika na basi la usiku, mkono mmoja juu ya bega la Aoko, na kwa mwezi mmoja nikawa mwenye nyumba. Kila jioni nikitoka kazini ilinilazimu nipite kumsalimu mgeni wangu kabla ya kwenda Pumwani. Alikaa kwenye kitanda changu, ameelekeza uso mlangoni, akanishukuru kwa Kijaluo huku Aoko akitafsiri. Aliniuliza kwa nini sijaoa na nyumba ninayo. Alisema nyumba yangu ina baridi. Ochola naye aliishi kama mwizi katika uwanja wake. Alikohoa kabla ya kufungua mlango wa jikoni asikutane na mama mkwe bombani, na asubuhi mbili alichelewa kazini kwa sababu nyanya alikuwa hajatoka chooni. Muturi alicheka hadi akakosa usingizi wake wa mchana. Mimi pia nilicheka, lakini nilipolala Pumwani na kisigino cha binamu yangu mgongoni nilikuwa nahesabu mia mbili zangu.

Macho yalipasuliwa yakapona. Alitolewa bendeji akapewa miwani mizito, na siku yake ya kuondoka ikaangukia Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Asubuhi hiyo Perez alikuwa amekwenda ofisini na mia saba ya mwisho. Nilipofika jioni kuchukua chumba changu nilimkuta uani. Alifunua kifuani akanionyesha pembe ya karatasi, barua yenye muhuri kwamba hakuna tena deni la nyuma. Sikuwahi kumwona akitabasamu vile. Nilifurahi kana kwamba nyumba ni yangu kweli.

Wakati huo huo nyanya alikuwa amemwambia Aoko amwonyeshe anapoishi binti yake, kwa kuwa sasa anaona. Alisimama mlangoni pa jiko muda mrefu. Aliona godoro lililokunjwa, gunia la makaa, nguo za watoto zilizoning'inizwa juu ya sufuria. Akasukuma mlango wa chumba kidogo akaona kitanda kimoja na magunia. Alirudi sebuleni, kwenye chumba kizuri chenye dirisha kubwa, akaketi, akaniita.

Alifungua fundo la leso yake akatoa shilingi thelathini, noti zimekunjwa ndogo ndogo. Alizungumza polepole, na Aoko akatafsiri, sauti yake ikizidi kushuka.

"Anasema, mwanangu, umenilaza vizuri mwezi mzima na hukunidai kitu. Lakini mtoto wangu analala na makaa. Anasema umpunguzie kodi. Hii ni ya kuanzia. Nyingine atatuma akivuna."

Perez alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani, juu ya ile karatasi. Nilimtazama. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa ulimini mwangu, kwamba mama, nyumba hii ni ya binti yako, ameilipia leo. Nilimwona akilitaka neno hilo kama mtu mwenye kiu. Kisha akatikisa kichwa.

"Chukua, Twalib," aliniambia. "Sema asante."

Nilichukua. Nikasema asante. Nikaahidi kwamba nitapunguza kodi, na yule mama akanishika mikono yote miwili na kunibariki, na sijawahi kuona haya kama siku ile.

Basi lilipoondoka niliweka zile thelathini mezani jikoni. Perez alikaa chini kando ya jiko akalia, waziwazi, watoto wakimtazama. Ochola aliingia akachuchumaa mbele yake. Alisema ataandika barua, amwambie mama ukweli, lawama zimwangukie yeye.

"Umwambie nini? Amelala kwa mkwe wake siku thelathini na mbili?" Perez alijifuta uso kwa kanga. "Aende na amani yake. Nyumba iko."

Ilikuwepo, na waliendelea kuilipia kila mwezi bila kukosa. Makato ya Makokha yaliisha mwaka 1983. Muturi alihama, wasichana wakapata chumba. Mimi nilibaki sebuleni mpaka nilipooa, na kodi yangu ilipanda mara tatu. Kila mavuno debe la karanga lilishuka kutoka Ugenya likiwa na jina langu, la kumlainisha mwenye nyumba, na Perez alizikaanga karanga akanipimia fungu langu kwa kikombe. Mamake alifariki mwaka 1986. Mpaka siku hiyo Perez hakumwambia kwamba ana nyumba Nairobi.