Buni ya Baba Mkwe

Ndugu wasomaji, nichekeni tu, nimeshazoea.

Wiki iliyopita baba yake mchumba wangu, mkulima wa kahawa huko Bukoba, alishuka melini hapa Mwanza kuja kunitazama kabla hajatoa baraka zake. Mimi ni mtoto wa Magu, kwetu ni pamba na mpunga. Kahawa naijua ya kopo tu. Tena siku hizi, tangu bidhaa zijae madukani, kahawa ya kopo imekuwa nzuri hasa: unakoroga kijiko kimoja kwenye maji moto, nyumba nzima inanukia. Nikamkorogea mzee kikombe.

Alikunywa, akafumba macho. "Kahawa safi! Umeikaanga mwenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo, baba. Nimeikaanga na kuitwanga leo asubuhi," nikajibu bila haya.

Mzee akafurahi mno, akatoa mfuko kwenye mzigo wake. "Basi nimekuletea hizi za shambani kwangu. Tuandalie tuzionje."

Jikoni nikaufungua: punje za kijani, ngumu. Nikajua ni maharage ya kwao. Nikazichemsha, nikaziunga kwa kitunguu, nyanya na mafuta ya kutosha, nikazipakua juu ya wali.

Mzee akatafuna moja, ikalia kama changarawe. Akaitemea kiganjani, akaigeuza, akanitazama kwa huruma huku mchumba wangu, aliyeketi kando yake, ameuficha uso kwa mikono.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii ni buni, kahawa mbichi. Umeiunga na nyanya?"