Nilimdunga sindano mama aliyekuwa anamlilia mtoto wake, na sasa majirani zake wote wananishukuru

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura, huku joto la leo ni la kutafuta ukuta wa baridi uegemee.

Hii habari nimeiandika na kuifuta mara tatu. Nitaisimulia kama ilivyokuwa, bila kujipendelea, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga. Majina nimebadilisha. Mkitaka kunitukana, ruksa, ila subirini nimalize.

Mimi ni muuguzi, mwanamke, mwaka wa tisa kazini. Niko wodi ya watoto, hospitali moja ndogo ya hapa mjini. Nyumbani kwetu mlimani tunaongea Kirundi, Kiswahili nimejifunzia mjini kwa wagonjwa, kwa hiyo nikiteleza mahali msinicheke sana.

Nijisifu kidogo kabla ya kuchekwa: mi ni mtu wa kazi. Mshipa wa mtoto wa miezi miwili naupata mara ya kwanza. Mdomo pia ninao. Wazazi walikuwa wananiogopa, na mimi nilidhani ile ni heshima.

Haya, twende.

Siku hiyo niliingia shift ya asubuhi. Kitanda cha nne kulikuwa na mtoto wa kiume anaitwa Baraka, mwaka mmoja na miezi minne. Malaria kali, damu imekwisha mwilini.

Mama yake ni Mkongomani wa upande wa Uvira, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule mtaa wa Bwiza. Huku mama anaitwa kwa jina la mtoto, basi nitamwita Mama Baraka. Mume alikuwa ng'ambo Kongo. Hapa mjini alikuwa na shemeji yake tu, mdogo wa mumewe, anabeba mizigo kwenye depo moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda.

Tulipambana, wakuu. Damu tuliongeza, oksijeni tuliweka. Saa nne hivi mtoto akatuacha.

Nikamshika mama bega, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ihangane, mama." Ni Kirundi, ndiyo pole yetu, ni kumwambia mtu avumilie.

Hakuvumilia.

Alitupa kitambaa cha kichwa. Akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, akaanza kupiga sakafu kwa viganja na kumuita mtoto.

"Baraka weee! Jana uliniomba maji, si nilikupa? Baraka, meno yako munane, nilikuwa nayahesabu! Ulijua kutembea juzi tu, haraka hii ulikuwa unaenda wapi? Baba yako akikuja nitamuonyesha nini mie?"

Anataja siku aliyozaliwa. Anataja mvua iliyonyesha siku hiyo. Anataja alivyokuwa anaogopa mbuzi. Yaani anamhadithia mtoto maisha yake, kwa sauti ambayo mtu wa barabarani anaisikia.

Hapa niweke breki kidogo niwaeleze kwetu tukoje.

Nilikuwa na miaka tisa mdogo wangu alipofariki. Mama yangu alikaa kwenye kona, amejifunika kitenge kichwani, machozi yanashuka na mdomo umefungwa. Watu wakamsifu kwamba huyo ndiye mwanamke. Mimi nimekulia hapo. Mtu wa kupiga kelele msibani kwetu tunamuona hana adabu, au anaigiza.

Na kuhusu Wakongomani tuna maneno yetu tunayosema tukiwa wenyewe. "Hao na makelele yao." Nimeyasema mara nyingi, tena nikicheka.

Basi wodi ikaanza kuharibika. Wamama wengine wakashika watoto wao na kulia pamoja naye. Watoto wakaamka. Na saa tano bosi wa huduma alikuwa anapita kukagua. Wakuu, niseme ukweli wenyewe: nilichokuwa nafikiria dakika ile ni kwamba bosi atakuta wodi yangu imekuwa soko.

Nikamwambia nyamaza. Nikarudia, mara hii kwa ukali. Mara ya tatu nikaenda kabatini.

Kuna dawa ya kutuliza watu, ya sindano. Sisi pale tulikuwa tunaiita kwa utani "sindano ya adabu". Daktari hakuiandika. Mama Baraka hakuwa hata mgonjwa, hakuwa na faili. Nilimuinamia nikamwambia, "Mama, hii ni dawa ya kukupa nguvu."

Akanyoosha mkono mwenyewe. Alikuwa bado anaita jina la mtoto, lakini mkono akanipa.

Baada ya dakika chache akalala pale pale kwenye godoro la walinda wagonjwa, yaani ndugu wanaolala na wagonjwa. Wodi kimya. Bosi akapita, akasema vizuri. Nikajiona fundi.

Saa sita shemeji akafika, nguo za kazi zimejaa vumbi la saruji, na wanaume wawili wa kanisani kwao. Akauliza, "Mama mutoto iko wapi?" Nikamuonyesha. Akamuangalia vile amelala, akashangaa.

Akasema, "Muganga, tungojee aamke. Kwetu mama anamushika mutoto kwanza, anamulilia, anamuvalisha. Kiisha ndiyo tunamutoa." Huku hata muuguzi anaitwa muganga.

Na mimi nikajibu, kwa sauti ile ile ninayotumia kwa watu wanaochelewa kuleta mkojo wa kipimo, "Akiamka ni fujo tena. Chumba cha baridi hatuna na jua mnaliona. Mchukueni sasa amelala, mtakuwa mmemsaidia."

Jamaa akaniangalia mimi na gauni langu jeupe. Akamuangalia shemeji yake. Akainamisha kichwa, akasema sawa.

Walimfunika mtoto wenyewe, nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa mezani nimewapa mgongo, naandika. Nakumbuka nilichoandika kwenye faili la mtoto: mama amefanya fujo, ametulizwa. Sikugeuka hata mara moja. Walitoka naye mlangoni, nilisikia miguu tu.

Mama Baraka aliamka saa kumi jioni. Akaangalia kitanda cha nne, kilikuwa kimeshatandikwa shuka nyingine.

"Iko wapi?"

Nikamwambia wameshamzika, shemeji ameshughulikia kila kitu, asiwe na wasiwasi.

Hakulia. Alifungua mfuko wake, akatoa sweta ya njano ndogo ya kufuma, akaishika. Akairudisha. Akakusanya beseni, chupa ya chai, kandambili za mtoto, akatoka. Na mimi mpumbavu nikamwambia mwenzangu, "Unaona? Ametulia sasa."

Wiki zikapita. Nilikuwa nimeshamsahau.

Pale wodini tuna msafishaji, mama mtu mzima, nimwite Mama Zawadi. Anakaa Bwiza. Siku moja anapiga deki, akasimama mbele ya meza yangu na fagio lake.

"We binti, yule mama wa ndagala uliyemulaza na sindano, tunakaa parseli moja, uwanja mumoja. Hajalia mupaka leo. Hata tone. Maziwa inamumwagikia kwa nguo, yeye anakaa tu anaangalia watu. Tunaogopa."

Nikajitetea. Nikasema alikuwa anafanya fujo, kuna watoto wengine wagonjwa, nilifanya nini kibaya?

Mama Zawadi hakunipandishia sauti. "Apana, haikukuwa fujo. Alikuwa anamuaga mutoto. Anamuambia vile aliishi, ndiyo aende akijua alipendwa. We ulimukata katikati. Kama alikuwa anakusumbua, ungemutoa pale nyuma kwa kivuli, na mutoto mukononi. Mi ningekaa naye. Uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Miaka tisa nafanya kazi na yule mama na sijawahi kumuuliza chochote zaidi ya kama sakafu imekauka.

Wakuu, ile siku sikula. Shule tulifundishwa mambo ya idhini, tulifanya mitihani, nilipata alama nzuri kabisa. Na mtu alininyooshea mkono wake kwa kuniamini, nikamdanganya. Niliona aibu mpaka nikashindwa kuvaa lile gauni asubuhi yake, nikapiga simu kusema naumwa.

Jumapili nikaenda Bwiza. Nimebeba sukari na sabuni, yaani vitu vya kumpelekea mama aliyejifungua, ndivyo nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Mama Zawadi akanipeleka mpaka mlangoni, akaniacha.

Mama Baraka alinitambua. Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Nikasema yote: kwamba ile haikuwa dawa ya nguvu, kwamba daktari hakuiandika, kwamba mimi ndiye niliyemwambia shemeji yake asingoje. Nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti isipokuwa kanisani.

 Akasema, "Inuka, dada. Ile nimekusamehe. Lakini we ulikuwa pale. Shemeji nikimuuliza, analia anatoka nje. Niambie we. Alikuwa namna gani wakati banamutoa?"

Wakuu, mimi nilikuwa nimewapa mgongo.

Nilifungua mdomo niseme sikuona. Nikamuangalia ile sura, anavyongoja. Nikasema, "Alikuwa ametulia. Kama amelala."

"Macho ilifungwa?"

"Ilifungwa vizuri."

"Uso ulikuwa safi? Asubuhi alitapika."

"Nilimpangusa mwenyewe. Kwa maji ya vuguvugu."

"Ulimuita jina lake?"

Nikasema nilimuita. Nikasema nilimshika mkono mpaka mlangoni, nikamuombea, nikamwambia mama yako anakupenda. Kila alichouliza nilikuwa na jibu. Yalikuwa yanatoka yenyewe, siwezi kuwaambia yalitoka wapi.

Na hapo ndipo akalia.

Alianza pale pale alipokatwa siku ile. Baraka weee, meno yako munane. Majirani wakaja mbio, wanawake sita, saba, wakakaa chini naye, wakamshika. Kila mtu analia na kusema "alhamdulilahi, asante Yesu, amelia", wa dini zote mbili, maana parseli ile wamechanganyika. Mimi niko katikati yao, nalia kuliko wote, na hakuna aliyejua nalia nini.

Mmoja akauliza mimi ni nani. Mama Baraka akanishika mikono yote miwili, akawaambia, "Ni muganga aliyemuaga mutoto wangu pahali pangu."

Wakanishukuru, wakuu. Mmoja mmoja. Wakanikorogea chai kwa ile sukari niliyoileta mimi mwenyewe.

Kazini nimeshafanya niliyoweza. Nimemwambia bosi kuhusu ile sindano, nimeandikiwa barua ya onyo, na ilinistahili. Nimemuomba shemeji mtu msamaha pale getini kwa depo yao. Sasa mtoto akituacha namuuliza mzazi kwanza, kwenu mnafanyaje? Anayetaka kulia namtoa pale nyuma na mtoto wake mikononi, na Mama Zawadi anakaa naye, huyo ndiye mwalimu wangu siku hizi. Nilichojifunza ni hicho: kilio cha mtu hakikuwa ugonjwa, niliyekuwa nasumbuliwa nacho ni mimi, na dawa ya usumbufu wangu nikaitia kwenye mkono wa mwingine. Nyie mnaofanya kazi hii, msichoke kuuliza.

Lakini hicho sicho kilichonileta hapa.

Juzi Mama Zawadi ameniletea ujumbe. Jumamosi hii wanamaliza kilio, yaani wanaanua matanga. Baba mtoto amefika kutoka Uvira, ndugu wanakuja, mchungaji atakuwepo. Mama Baraka ameomba nisimame mbele ya watu wote, nimueleze baba wa mtoto namna nilivyomuosha mtoto uso na kumuita jina.

Nikisema ukweli, namnyang'anya mtoto wake mara ya pili, tena mbele ya mumewe. Nikisema uongo, nausema mbele ya shemeji, ambaye alikuwa nyuma ya lile pazia na anajua mimi nilikuwa wapi. Nisipokwenda, atauliza kwa nini.

Leo ni Alhamisi. Mliozika watoto, nawaomba nyie kwanza muongee: mngekuwa yule mama, mngetaka kujua?