Mishale Miwili ya Mashua ya Osieko

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio mjini Busia, upande wa Kenya. Meza yangu ilikuwa barazani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la jumla na lori la kubebea samaki. Tajiri huyo alinunua mashua ya tanga kutoka kwa Mzungu wa Kisumu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na chumba kidogo, tangi la maji chini ya kitanda, na betri ya gari ya kuwashia taa. Akaipeleka Osieko, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, iwe inavuka kwenda visiwani kuleta samaki wakavu.

Safari moja maji ya kunywa yaliisha ziwani na taa ikazima njiani. Vijana wa mashua walirudi wamechoka na kugombana. Tajiri akanijia mezani.

"Fundi, nataka kitu kama kile cha kwenye gari," akasema. "Nikiangalia tu, nijue maji yamebaki kiasi gani na betri iko na nguvu gani."

Nilifurahia kazi ile kuliko yoyote niliyowahi kupewa. Malaba kulikuwa na muuza vyuma aliyebomoa malori yaliyopinduka barabarani, na kwake nilipata chaja mbovu ambayo mita yake ilikuwa bado nzima. Hiyo ikawa ya betri. Kwa tangi, nilichonga kipande cha ndara kikae juu ya maji, nikakifunga kwenye waya mgumu, na ule waya nikauunganisha na kitufe cha sauti cha redio kuukuu, nacho nikakiunganisha na mita ya pili. Maji yakishuka, ndara inashuka, kitufe kinazunguka, mshale unasogea. Nilijaza tangi debe baada ya debe, na kila debe nikiweka alama kwenye kioo cha mita hiyo kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Mashuani kulikuwa na mzee mmoja wa Bunyala aliyekaa karibu na mimi siku zote nilipokuwa nafunga mitambo. Alinishikia tochi, akanichemshia chai, akauliza kila waya unaenda wapi. Sikumuuliza yeye anafanya kazi gani. Nilidhani ni jamaa ya nahodha.

Wiki iliyofuata nilimkuta amekaa ufukweni na blanketi lake limekunjwa. Nikamuuliza kama anangoja mashua.

"Imeenda," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa napima maji na kijiti, na kuangalia betri. Sasa tajiri anasema mashine yako inafanya hiyo."

Alisema bila ubaya wowote. Mimi nilikuwa nimekuja kusikia mashine yangu ikisifiwa. Nilishindwa hata kukaa naye.

Nilirudi Busia nikamwendea tajiri dukani.

"Mrudishe yule mzee," nikamwambia.

"Afanye nini? Nimlipe kwa kuangalia mshale?"

Nilikosa usingizi kwa siku kadhaa, kisha nikapata wazo. Osieko hakukuwa na umeme, kwa hiyo betri ilibidi iletwe kwangu ichajiwe, na mara nyingi dereva wa lori aliisahau. Nikamwambia tajiri kwamba betri inahitaji mtu wake. Akakubali. Nikajiona nimemaliza jambo. Kila lori lilipokuja, mzee alishuka na betri, akakaa kwenye benchi langu mpaka ijae. Aliniletea omena, dagaa wa ziwani, kwenye gazeti. Nilikula nikiwa na amani.

Halafu siku moja lori lilifika na dereva akashuka mbio kuniita. Mzee alikuwa amelala juu ya magunia, suruali imetoboka-toboka pajani. Barabara ilikuwa mbovu baada ya mvua, lori lilirukaruka, na yeye alikuwa ameipakata betri isianguke. Asidi ilimmwagikia. Kumbe tangu mwanzo alikuwa akiipakata, na mimi ninayejua asidi sikuwahi kumwuliza anaisafirishaje.

Tulimmwagia maji ya duka zima. Mtungi kwa mtungi. Tajiri mwenyewe alichota, kanzu ikalowa. Kisha tukampeleka hospitali.

"Betri haikuanguka," mzee akaniambia njiani, kama mtu anayetoa habari njema.

Alipona, ila mguu ule haukukunjika tena vizuri. Binti yake aliyeolewa Busibwabo akamchukua. Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona. Kila nilipopanga, kazi ilipatikana, na nilishukuru ilipopatikana.

Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta anapalilia mtama, mguu mmoja ameunyoosha pembeni. Alimwita binti yake atuletee uji.

"Huyu ndiye yule fundi," akamwambia. "Wengine waliniacha ufukweni. Yeye akanitafutia kazi."

Binti aliniangalia, kisha akaangalia mguu wa baba yake. Akanipa kibuyu kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

Nilitaka kumwambia mzee kwamba mambo hayakuwa hivyo. Nilifungua mdomo, lakini yeye alikuwa ameanza kuniuliza habari za mke wangu, aliyekuwa mjamzito tulipoonana mara ya mwisho, kama amejifungua salama. Nikamjibu hayo. Tukanywa uji mpaka ukaisha, kisha nikachukua jembe la pili nikamsaidia kupalilia hadi mwisho wa shamba, na jua lilipopungua nikamuaga.