Jibu Nililowapa Wageni wa Mama

Kuna duka la kufulia nguo karibu na kituo cha treni cha Kilburn, na kila ninapopita mlangoni pake hunipata harufu ya mashuka yaliyotoka kwenye mashine yakiwa bado na joto. Wengine harufu hiyo huwaletea usingizi. Mimi hunirudisha kwenye umri wa miaka kumi na miwili, nimesimama katika ukumbi wa shule, shuka jeupe la Mama limefungwa begani kwa pini mbili, najifanya mwanamke wa Uyunani. Nitawasimulia, ingawa huenda mkanidharau kidogo mkifika mwisho.

Mwaka ule mwalimu wetu wa maigizo alikuwa akitufundisha tamthilia za Wayunani wa kale. Alisema watu wale walipenda kumweka mtu kati ya damu yake na amri ya mfalme, kisha wakakaa juu ya mawe kumtazama akiteseka. Tukaambiwa tutunge onyesho letu wenyewe kwa mtindo huo. Mimi nilipewa kuwa dada wa kijana aliyefukuzwa mjini. Askari wa mfalme wanakuja nyumbani, wanamwuliza dada mtu kijana yuko wapi, naye anakataa kusema hata wanapomtisha kifo. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni hadi Mama akawa anagonga mlango, anataka kuoga aende kazini. Nilikuwa na majivuno, siwafichi. Katika mjadala wa darasa nilisema kwamba serikali haiwezi kumwambia mtu nani ni ndugu yake, na mwalimu akayaandika maneno yangu ubaoni.

Nyumbani nilikuwa na kaka, Bahati, wa miaka kumi na saba, aliyekuwa akisomea ufundi bomba chuoni. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mwimbaji mbaya sana ambaye hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mama alimpakulia paja la kuku kila Jumapili, nami kila Jumapili nilinuna. Bahati hakutoka tumboni mwa Mama. Aliyemzaa ni dada mkubwa wa Mama, aliyekufa kwenye vita kule Uvira, mashariki ya Kongo, mtoto akiwa na wiki mbili tu, na Mama akamchukua, akakimbia naye mgongoni. Kwetu mtoto wa namna hiyo hahesabiwi pembeni. Ukisema mbele za watu kwamba si wa tumbo lako, umemtukana yeye na umemtukana marehemu. Kwa hiyo tulipofika nchi hii, Mama alipopewa fomu ya kuandika watoto wake, aliwaandika kama tunavyohesabu kwetu: wa kwanza Bahati, wa pili mimi. Hakuona kwamba amedanganya. Mimi aliniambia siku moja akinisuka, kichwa changu amekibana kati ya magoti yake.

"Ujue tu," alisema. "Lakini kinywa, ufunge."

Jumatano moja alasiri, siku mbili kabla ya onyesho, walikuja watu wawili wa serikali kuhusu makaratasi yetu ya kuishi nchini, mwanamume na mwanamke. Mama aliwapokea kama wageni wengine wowote. Aliwakaangia mandazi, akatoa vikombe vya kabatini ambavyo sisi hatukuruhusiwa kuvigusa. Bahati alikuwa chuoni. Mimi, kama watoto wengi wa Kikongo hapa London, ndiye niliyekuwa mdomo wa Mama. Nilimtafsiria kwa daktari na kwa mwenye nyumba. Shuleni nilimtafsiria hata malalamiko ya walimu juu yangu mwenyewe, na hapo, Mungu anisamehe, mengi yalipotelea njiani.

Yule mwanamke alikuwa mpole. Alizisifia nywele zangu, akaomba andazi la pili. Kisha akauliza habari za Bahati.

"Muambie ni mutoto wangu wa kwanza," Mama akasema. "Nilimubeba mu mugongo."

Nikatafsiri. Mwanamke akaandika, halafu akanigeukia mimi. Aliniuliza kama Bahati ni kaka yangu kabisa, amezaliwa na mama yangu huyu huyu.

Nilipaswa kulipeleka swali kwa Mama. Badala yake nilijibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule.

"Actually, he's my cousin," nikasema, na nikaongeza kwamba mama yake halisi alikufa.

Kwa nini nilisema? Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu wa serikali haambiwi uongo. Nilitaka mwanamke yule aone kwamba mimi, si kama Mama, najua kutofautisha kaka na binamu. Na asubuhi ile Bahati alikuwa ameyacheka mazoezi yangu, akasema huyo mfalme atakufa kwa kuchoshwa kabla hajaniua, nami nilikuwa bado na kinyongo naye. Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyenitisha kifo. Niliulizwa kwa upole, na mtu aliyeshika andazi.

Mwanamke aliniambia nimewasaidia sana. Nikafurahi.

"Anakuuliza nini?" Mama akasema.

"Majina tu," nikamjibu.

Kwa Kiingereza nilisema kweli na kwa Kiswahili nikasema uongo, yote ndani ya dakika moja.

Ijumaa nilisimama ukumbini nikakataa kumtoa kaka yangu wa kuigiza. Nililia machozi ya kweli. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa aproni ya usafi, na Bahati alinipigia mluzi mpaka mwalimu akamkazia macho. Njiani tukirudi alinibeba mgongoni, mkubwa mzima nilivyokuwa.

Barua ilikuja Bahati alipokwisha kutimiza miaka kumi na minane. Ilisema kwamba yeye si mtoto wa Mama, kwamba Mama alificha ukweli, na kwamba kijana huyu hana familia hapa. Wakili alihangaika mwaka mzima bila mafanikio. Siku moja Bahati alikwenda kuripoti kwenye ofisi ya uhamiaji kama alivyokuwa akienda kila wiki mbili, na hakurudi. Walimpeleka Kinshasa, jiji ambalo hakuwahi kulikanyaga, ambako watu wanasema Kilingala na yeye hakujua hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Kanisani wakasema kikulacho ki nguoni mwako, wakamshuku mama mmoja jirani yetu aliyewahi kugombana na Mama. Walimnunia hadi akaacha kuja kwenye maombi. Nilimwona akitoka na watoto wake mara ya mwisho, nikanyamaza.

Nilinyamaza miaka kumi na mmoja. Ndipo siku moja, tukichambua majani ya muhogo jikoni, nikamwambia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa kilio, hata kwa laana. Mikono yake haikusimama.

"Nilisikia siku ileile," akasema. "Kingereza nilikuwa nasikia. Ni kusema tu ndiyo ilinishinda."

"Mbona hukunigombeza, Mama? Mbona hukumwambia Bahati?"

"Neno lilikuwa limeshatoka. Bahati alikuwa anaenda, wewe ulikuwa unabaki. Ningemuambia, ningezika batoto babili."

Utotoni niliamini kwamba mtu anayewekwa kati ya damu na mfalme ni yule anayepaza sauti mbele ya askari. Kumbe mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kochi letu, anawamiminia chai, amesikia kila neno, na tayari anapima ni mtoto yupi ataweza kumwokoa. Aliniokoa mimi. Naichukia siku ile, nawachukia wale wawili na upole wao, na bado siwezi kusema kwamba waliniibia kitu. Niliwapa mwenyewe.

Bahati hupiga simu kila Jumapili. Ameoa, na Kilingala amekijua. "Mudogo wangu," huniita, hata mbele ya mkewe, kisha kila baada ya miezi michache huniuliza kama tulipata kumjua aliyewaambia watu wa serikali. Mama hunitazama kutoka upande wa pili wa meza. Nami humjibu kaka yangu kwamba hatujui.